Risasi moja ya mita 95

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 28 Novemba 2014, yapata saa 8 na dakika 20, mtu mwenye bunduki alikuwa amekwisha kumimina risasi zaidi ya 100 katikati ya jiji la Austin, Texas. Alikuwa ameushambulia ubalozi mdogo wa Mexico na jengo la mahakama ya shirikisho, kisha akayageukia makao makuu ya polisi. Sajenti Adam Johnson wa kikosi cha farasi, askari mwenye miaka 15 kazini, alikuwa akiwarudisha farasi mwishoni mwa zamu. Huku ameshika hatamu za farasi wawili kwa mkono mmoja, alichomoa bastola kwa mkono wa pili na kufyatua risasi 1. Umbali ulikuwa futi 312, yaani mita 95. Mshambuliaji akaanguka, na uchunguzi wa mwili ukathibitisha kuwa ni risasi hiyo iliyomuua.

Art Acevedo, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Austin, alimsifu Johnson hadharani. Wengi walisema ni kipaji, wengine bahati. Majibu yote mawili yanafunga mjadala mapema mno, kwa sababu ugumu wa risasi ile unapimika.

Tuanze na vilengeo. Bastola yake ilikuwa Smith & Wesson M&P ya .40, silaha ya kawaida ya doria. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi kile cha mbele, mwishoni mwa mtutu, ni sentimita 17 hivi tu. Kilengeo cha mbele kikikengeuka kwa milimita 1, risasi itahama sentimita 4 kwenye shabaha iliyo mita 7 mbele, na mlengwa atapigwa kifuani vilevile. Kosa hilohilo kwa mita 95 huihamisha risasi zaidi ya nusu mita, na kifua cha mtu mzima hakina upana huo. Ongeza mvuto wa ardhi: risasi ya bastola ya aina hiyo huchukua kama theluthi ya sekunde kufika umbali ule, na kama vilengeo vimerekebishwa kwa mita 25, itatua sentimita 30 hadi 40 chini ya pale jicho lilipolenga. Anayelenga moyo atapiga tumbo. Na haya yote ni gizani.

Hata hivyo, kigumu kuliko vyote ni kidole. Kifyatulio cha bastola kama ile huhitaji nguvu ya kilo 3 hivi ili kiachie, na bastola yenyewe ikiwa imejazwa risasi ina uzito wa kama kilo 1. Kwa hiyo kidole kinavuta kwa nguvu mara tatu ya uzito wa kitu kinachotakiwa kisitikisike hata milimita. Ukishika kwa mikono miwili, mkono wa pili huidhibiti bastola. Johnson hakuwa na mkono huo. Ilimbidi avute kifyatulio taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma, vidole vingine vikiwa vimetulia, na farasi wawili wakiwa mwishoni mwa mkono wake wa pili. Tusiwasahau farasi wenyewe: farasi wa polisi hufunzwa kuvumilia milio ya bunduki, na kama wale wangeruka wakati ule, tusingekuwa na la kuchambua.

Kutulia huko ndiko mwili wenye hofu unakokukataa. Moyo ukienda mbio na damu kujaa homoni za hatari, uoni hubana, na mkono hukaza wote kwa pamoja. Mkono ukikaza hivyo, mdomo wa bastola huinama kabla risasi haijatoka. Askari anaweza kuwa na macho mazuri, akalenga sawasawa, na bado akakosa kwa hatua chache.

Tazama New York, 24 Agosti 2012. Nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kumuua aliyewahi kufanya naye kazi. Alipowaelekezea bastola, walifyatua risasi 16 kutoka hatua chache tu. Mtu huyo aliuawa, lakini wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vilivyoruka. Bastola za polisi wa New York zilikuwa zimewekewa kwa makusudi kifyatulio cha ratili 12, yaani zaidi ya kilo 5, ili kupunguza risasi za bahati mbaya. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa: springi ilipewa kazi ambayo ni ya mafunzo, na gharama yake ikaangukia usahihi.

Wala si tukio la siku moja. Taasisi ya RAND ilipochunguza mafunzo ya silaha ya polisi wa New York, iliangalia miaka ya 1998 hadi 2006. Mtuhumiwa alipokuwa naye akifyatua, asilimia 18 tu ya risasi za polisi ndizo zilizompata. Asipofyatua, zilifika asilimia 30. Na askari hao walikuwa wamefuzu mtihani wa shabaha.

Kasoro iko kwenye mtihani huo. Idara nyingi za Marekani humpima askari mara moja au mbili kwa mwaka, kwa shabaha ya karatasi, mara nyingi isiyozidi mita 23. Karatasi haimpigi askari risasi, wala hakuna mama anayepita nyuma yake na mtoto. Kinachojenga mkono wa kuaminika ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa: kuvuta kifyatulio cha bastola tupu mara maelfu hadi mdomo wake usicheze, kufyatua kwa mkono wa kulia peke yake kisha wa kushoto, na kupambana na mwenzako kwa risasi za rangi zinazouma, ambapo nusu ya zoezi ni kutambua wakati wa kutofyatua. Johnson alifyatua mara 1 akaacha. Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na umbali wenyewe.

Bahati ilikuwepo, na hakuna mkufunzi makini atakayeahidi kuirudia risasi ile. Lakini bahati haiwezi kumtulizia askari kidole. Wanaopitisha bajeti za polisi, popote walipo, waache kuridhika na idadi ya bastola zilizonunuliwa. Waulize kila askari wa doria alifyatua risasi ngapi za mazoezi mwaka jana, ngapi kati ya hizo kwa mkono mmoja, na ngapi mbele ya watu asiopaswa kuwapiga.