Mhifadhi wa Kubuni katika "Halston"

Filamu ya makala "Halston" ya Frédéric Tcheng (2019) inamhusu Roy Halston Frowick, mbunifu wa mavazi wa New York aliyefariki mwaka 1990. Inaharibiwa na mtu ambaye hakuwahi kuwepo: mhifadhi nyaraka wa kampuni ya Halston, anayeigizwa na Tavi Gevinson, anayepekua kanda na kusimulia kisa kama mpelelezi.

Makala husimama juu ya ushahidi. Kanda za Halston ni ushahidi, na kufutwa kwa baadhi yake ni hasara ya kihistoria iliyostahili kuchunguzwa kwa umakini. Zikishawekwa mikononi mwa mwigizaji, ndani ya chumba kilichopambwa kwa ajili ya kamera, mtazamaji hajui tena kipi kimepatikana na kipi kimetungwa. Kila uhariri unapomwacha shahidi wa kweli na kumrudia mhifadhi huyu, mvutano uliokuwa ukijengeka unalegea, kwa sababu anayetafuta jibu ameandikiwa jibu hilo katika mswada. Wala haja ya mhifadhi huyo haikuwepo. Lesley Frowick, mpwa wa marehemu, yumo. Carl Epstein, aliyekuwa kigogo wa kampuni, naye yumo. Kuwapambanisha hao wawili kungetosha kuwa upelelezi.

Tcheng ana mazoea ya kuazima sauti. Katika filamu kuhusu Diana Vreeland, mhariri wa majarida ya mitindo (2011), ambayo Tcheng ni mmoja wa waongozaji wake, mazungumzo ya Vreeland na mwandishi George Plimpton yalisomwa na waigizaji. Katika "Dior and I" (2014) kumbukumbu za Christian Dior zilisomwa na mtu mwingine. Huko maneno, angalau, yalikuwa ya wenyewe.

Mwongozaji Frederick Wiseman aliingia katika ulimwengu wa mitindo ya New York hiyohiyo akatoa "Model" (1980) bila msimulizi wala mahojiano, na kazi ya wanamitindo ikaeleweka hatua kwa hatua. Tcheng hajamfikia. Hata Kim Sung-hee, katika "Nora Noh" (2013), alimwacha mbunifu huyo wa Korea, aliyeandaa onyesho la mavazi Seoul mwaka 1956, ajieleze mwenyewe.

Sehemu ya gauni zilizokatwa hanamu, zenye mishono michache, ni nzuri. Kuuzwa kwa kampuni ya Halston kwa shirika la Norton Simon mwaka 1973, mkataba na maduka ya JCPenney wa 1983 na Halston kupoteza haki ya kutumia jina lake vinafuatana vizuri, kwa kuwa hapo wanaosimulia ni watu waliokuwepo.