Shimo Lilikuwa Shingoni

Boagrius alikufa kitaalamu. Achilles anakimbia, anaruka, upanga unazama nyuma ya mtulinga, penye mshipa mkubwa wa damu usio na mfupa wa kuukinga kutoka juu. Jitu chali. Wolfgang Petersen alituonyesha hilo mapema kabisa kwenye Troy ya 2004, kwa hiyo hawezi kusema hakujua. Ndiyo maana pambano la Achilles na Hector nje ya lango la Troya linaniudhi mpaka leo.

Itazameni tena. Mkuki unampata Hector karibu na bega; hapo sina neno. Kisha upanga unamwingia kifuani, kupitia dirii, kama kisu kwenye tikiti. Sasa dirii ilikuwa ya nini? Mtu amebeba mzigo huo sinema nzima, juani, na dakika anayouhitaji unageuka kanzu. Deraya ya Dendra, iliyofukuliwa kaburini Ugiriki mwaka 1960, ina umri wa miaka kama 3,400 na ina ukosi mrefu wa shaba unaopanda hadi kidevuni. Fundi aliyeifua alishamalizana na kifua. Alichokihofia ni shingo.

Homer naye alijua. Kwake, Hector amevaa deraya ya Achilles mwenyewe, aliyomvua Patroclus, na mwenye mali anaikagua kwa macho akitafuta upenyo. Anaupata penye mtulinga na shingo. Tena mkuki unakosa koromeo, na kwa sababu hiyo Hector anapata pumzi ya kuomba maiti yake irudishwe kwao. Jeraha lenyewe ndilo linalomruhusu kusema! Petersen alipewa haya yote bure, akayaacha, akatuletea steringi wa Troya anayeanguka kimya.

Sigombani na upanga, nagombana na mahali. Mwaka 1879 Frölich, daktari wa jeshi la Ujerumani, alihesabu majeraha 147 katika Iliadi: ya mikuki 106, yakiua wanane katika kila kumi, ya panga 17, na hakupona hata mmoja, ya mishale 12, waliokufa hawafiki nusu. Menelaus alipigwa mshale, tabibu Machaon akauchomoa, mgonjwa akaishi. Filamu ikamuua kwa mkono wa Hector. Nimelilalamikia hilo miaka yote, na nitaendelea.

Mishale ya Paris, ambayo Achilles anaichomoa kifuani mwake mpaka ukabaki wa kisigino peke yake: safi.

Lakini mkitaka kuona mtu anayejua kuua kwenye skrini, rudini kwenye Spartacus ya Kubrick, 1960. Draba, yaani Woody Strode, anaparamia jukwaa la wakubwa, mkuki wa askari unamkita mgongoni, bado anapanda. Crassus, yaani Olivier, hainuki kwa kishindo. Anatoa kisu kifupi, anamkata nyuma ya shingo, na damu inamrukia usoni.