Jina Linapomtangulia Mtu: Istilahi ya Ualbino na Riwaya ya Takadini

Katika uhakiki wa fasihi ya vijana, aghalabu hutazamwa visa na tabia za wahusika. Maneno wanayoitwa wahusika hao huachwa kando. Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kusomwa katika shule za sekondari nchini Tanzania, haifai kuhakikiwa hivyo.

Sekai, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Wazee hawana haja ya kumchunguza. Neno musope limekwisha kutoa hukumu: mtoto hana budi kufa. Mama anatoroka naye. Hata jina Takadini, ambalo kwa Kishona ni swali, yaani "tumefanya nini?", lamfanya mtoto awe adhabu inayotafutiwa kosa.

Kiswahili nacho kina hukumu ya namna hiyo. Zeruzeru, na wingi wake mazeruzeru, humtaja mtu kwa ngozi yake tu. Istilahi mtu mwenye ualbino hulaumiwa na baadhi ya watu kwa urefu wake. Lakini urefu huo una kazi: hutanguliza mtu, kisha hutaja hali yake, yaani upungufu wa rangi asilia ya ngozi, nywele na macho, unaorithiwa aghalabu kutoka kwa wazazi wote wawili. Fasili hiyo yatosha kumwondolea mama lawama.

Hata hivyo, riwaya ina dosari. Takadini anaheshimiwa ugenini kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya ustadi wake wa kupiga mbira. Je, asiye na kipaji? Haki ya kuishi hailipiwi kwa ustadi. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa tangu miaka ya 2000, swali hili si la vitabuni tu.

Mwalimu anayeandaliwa katika Chuo cha Ualimu Mpuguso, wilayani Rungwe, huenda kesho akawa na mwanafunzi mwenye ualbino mbele yake. Neno atakalolitamka darasani ndilo wenzake watakalomwitia uwanjani. Kwa hiyo twapendekeza zeruzeru libaki katika kamusi, lakini lionyeshwe kuwa ni la kudunisha. Na katika vitabu vya kiada na miongozo ya walimu itumike istilahi mtu mwenye ualbino.