Msomaji wa Kiwandani

Kusokota sigara nene za Havana ni kazi ya mikono na macho. Masikio hayana la kufanya. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro jijini Havana, Kuba, wafanyakazi waliyapa masikio hayo kazi. Mwenzao mmoja aliacha kusokota akawa anawasomea kwa sauti, nao wakachanga kutoka kwenye ujira wao ili asipoteze riziki. Wengi wao hawakujua kusoma. Miaka ilivyokwenda, kuwasomea wasokotaji kukawa kazi kamili, nami sijui kazi ya sauti iliyo ngumu na nzuri kuizidi.

Msomaji hupanda jukwaani, mbele yake safu za meza zimejaa majani ya tumbaku. Zamani hapakuwa na kipaza sauti. Ilimpasa afikishe kila neno meza ya mwisho bila kufoka, na kesho arudi na koo zima. Asubuhi alisoma magazeti, kisha zikaja riwaya za Hugo, Zola, Cervantes na Dumas. Mzee katika kisa alipewa sauti yake, tapeli yake, mchumba yake. Huko Tampa, Marekani, walikohamia wasokotaji wengi wa Kuba, msomaji aliweza kushika gazeti la Kiingereza, na papo hapo akalisoma kwa Kihispania.

Wasokotaji hawakukubali kusomewa ovyo. Anayetaka kazi husoma kwanza mbele yao, wakampima, wakampigia kura; riwaya nazo hupigiwa kura. Wakipendezwa, hugonga meza kwa visu vyao vipana visivyo na mpini, ukumbi mzima ukarindima. The Count of Monte Cristo, riwaya ya Dumas, iliwakolea hata jina lake likapewa sigara mwaka 1935.

Watu waliosikia sura ileile saa ileile walikuwa na jambo moja la kujadili njiani kurudi nyumbani, na wenye mamlaka waliliogopa hilo. Mwaka 1866 serikali ya kikoloni ya Kihispania ilipiga marufuku usomaji viwandani. Mwaka 1931 wenye viwanda vya Tampa waliwaondoa wasomaji wakidai wanaeneza siasa kali. Wafanyakazi wakagoma, lakini mahali pa msomaji pakachukuliwa na redio. Redio haimwoni msikilizaji, wala haijui pa kupumzika ili kicheko kiishe. Kuba haikuiacha kazi ya msomaji, na mwaka 2012 iliitangaza kuwa urithi wa taifa.

Kwetu pia iko mikono mingi inayofanya kazi pamoja huku masikio yakingoja: mafundi cherehani, wasusi wa nywele, kina mama wanaosuka ukili. Vitabu vya kuwasomea tunavyo. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi inawahusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar. Ingesikika vizuri mahali pa kazi. Basi mchague mwenzenu mwenye sauti na subira, mpigie kura kitabu, mchange kidogo ili asikose riziki yake, kisha mwacheni asome.