Vita vya Iraq na Iran: Tusiyasingizie Madhehebu

Kila vinapotajwa vita vya Iraq na Iran vya mwaka 1980 hadi 1988, wengi wetu hukimbilia jibu moja: hao ni Sunni na Shia, walipigana kwa ajili ya madhehebu. Maelezo haya yamerudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa ni elimu. Ukiyapima kwa historia hayasimami, na ukiyapima kwa fiqhi yanawaficha waliokosa.

Tuanze na historia. Mwaka 1639 Sultan Murad IV wa dola ya Uthmaniya na Shah Safi wa dola ya Safawi walifunga Mkataba wa Zuhab kuhusu mpaka wao. Hizo ndizo zilizokuwa dola za madhehebu mawili, na bado ziliafikiana. Uliobaki ni ugomvi wa Shatt al-Arab, mto unaopeleka maji ya Dijla na Furati katika Ghuba. Mkataba wa 1937 uliiachia Iraq sehemu kubwa ya mto huo. Iran iliukana mwaka 1969. Tarehe 6 Machi 1975 mjini Algiers, kwa upatanishi wa Rais Houari Boumediene, Shah wa Iran na Saddam Hussein walikubaliana kwamba mpaka upite katika mkondo mkuu wa meli, na misaada ya Iran kwa Wakurdi waliopigana na Baghdad ikome.

Tarehe 17 Septemba 1980 Saddam aliukana mkataba huo. Siku tano baadaye majeshi yake yalivuka mpaka.

Madhehebu yako wapi hapo? Askari wengi wa miguu wa Iraq walikuwa Mashia. Syria, iliyotawaliwa na chama cha Baath kama Iraq, ilisimama na Iran. Na waliouawa kwa gesi ya sumu Halabja mwezi Machi 1988 walikuwa Wakurdi, wengi wao Sunni, na waliuawa na serikali ile ile tunayoambiwa ilikuwa ikiwapigania Sunni.

Sasa fiqhi. Sura ya al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza ahadi. Katika Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimrudisha Abu Jandal kwa Maquraishi, naye yumo katika minyororo, kwa sababu neno lilikwishatoka. Ikiwa ahadi na mushrikina ina uzito huo, vipi ahadi ya Waislamu kwa Waislamu? Saddam alidai kuwa Iran ndiyo iliyovunja mkataba kwanza. Lakini mkataba wenyewe uliweka njia ya kumaliza hitilafu: mazungumzo, upatanishi, kisha usuluhishi. Aliiacha njia hiyo akachukua vifaru.

Lakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Mei 1982 Iran iliukomboa mji wa Khorramshahr, na Juni Iraq ikatangaza kuondoa majeshi yake. Julai, Iran iliingia katika ardhi ya Iraq kwa hoja ya kumwadhibu mchokozi. Aya ya 9 ya al-Hujurat inaamuru kundi lenye kudhulumu lipigwe mpaka lirejee, na likirejea wasuluhishwe kwa uadilifu. Hapo palihitaji wasuluhishi, si miaka sita zaidi ya mauaji.

Ubaya zaidi ni kuvalisha ugomvi huo majina matukufu. Saddam aliviita vita vyake Qadisiya, ilhali Saad bin Abi Waqqas alipigana na dola ya Kisasani, si na watu wa kibla. Iran nayo iliyapa mashambulizi yake jina la Karbala. Vijana wakafa wakidhani wanairithi historia.

Na mwisho wake? Tarehe 14 Agosti 1990, siku kumi na mbili baada ya kuivamia Kuwait, Saddam aliiandikia Iran kuukubali tena mpaka wa 1975. Mamia ya maelfu walikwishakufa.

Basi imamu anapoulizwa juu ya vita vya Waislamu wawili, asitangulize kuuliza nani Sunni na nani Shia. Aulize: ahadi ipi ilivunjwa, nani aliivunja, na nani alikataa suluhu? Wallahu aalam.