Breki Zilizopimwa kwa Namba: Somo la Vituo vya Ukaguzi Vilivyoizunguka Kampala

Magari mengi yanayopanda Makindye na kushuka Mulago kila siku yaliwahi kuishi chini ya sheria kali kuliko inayoyasimamia leo. Yalianza kazi Japani, ambako gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama kubwa, na gharama hizo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya Wajapani wengi kuachana na gari ambalo bado lina nguvu. Toyota Premio iliyouzwa kwa sababu hiyo inashushwa Mombasa, inavuka mpaka Malaba au Busia, inapewa namba ya Uganda. Kuanzia hapo inaweza kutembea miaka mingi bila mashine yoyote kuuliza breki zake zina nguvu kiasi gani.

Uganda ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2015 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iliingia mkataba na kampuni ya SGS, ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake Geneva, ijenge na kuendesha vituo vya ukaguzi wa magari. Vilijengwa vituo 7: Gulu, Mbale na Mbarara kwa ajili ya mikoa, na vingine 4 kuizunguka Kampala kwenye barabara zake kuu, yaani Kawanda upande wa Bombo, Namanve upande wa Jinja, Nabbingo upande wa Masaka na Namulanda upande wa Entebbe. Mjadala uliofuata ulikuwa wa ada, zabuni na uhalali wa mkataba. Kilichozungumzwa kidogo mno ni kazi yenyewe: mashine za ukaguzi hupima nini, na kwa nini fundi hodari wa gereji za Kisekka au Ndeeba hawezi kukipima kwa macho.

Mstari wa ukaguzi wa aina hii hufuata mpangilio unaofanana karibu kila nchi. Namba ya chesisi hulinganishwa na hati za gari. Mrija huingizwa kwenye ekzosi kupima moshi. Gari hupita juu ya bamba la chuma, kisha shokapu hutikiswa, breki hupimwa, taa huelekezwa kwenye kipimo, na mwisho gari husimama juu ya shimo ili mkaguzi aangalie uvunguni. Haya yote yanaweza kumalizika kabla chai haijapoa, na hatua yenye uzito kuliko zote ni ile ya breki.

Magurudumu ya mbele huingizwa juu ya jozi mbili za rola, moja kwa kila upande. Mota inazizungusha polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Dereva anakanyaga breki taratibu, na kihisio kinasoma nguvu ambayo kila gurudumu linatumia kuzizuia rola zisizunguke. Skrini inaonyesha mishale miwili, wa kushoto na wa kulia. Kisha zamu ya magurudumu ya nyuma, kisha breki ya mkono.

Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,200, ambao ni sawa na kama kilonyutoni 11.8. Gurudumu la mbele kushoto limetoa kilonyutoni 2.1, la kulia 1.3, na kila la nyuma 1.3. Jumla ni 6.0, karibu asilimia 51 ya uzito wa gari. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, gari dogo lililosajiliwa kabla ya 2012 linatakiwa lifikishe angalau asilimia 50, na lililosajiliwa baada ya hapo asilimia 58. Kwa hesabu ya jumla, basi, gari letu la zamani limepita. Lakini tofauti kati ya magurudumu mawili ya mbele ni asilimia 38, wakati kiwango cha juu kinachovumiliwa huko ni 30. Limeanguka.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua watu. Dereva wa gari kama hilo anaweza kukaa miezi bila kuhisi lolote, kwa sababu kwenye foleni ya Barabara ya Jinja hakanyagi breki kwa nguvu, bali anaigusagusa tu. Siku boda boda inapokatiza ghafla mbele yake akiwa na kilomita 80 kwa saa, upande wa kushoto unashika, wa kulia unachelewa, na gari linavutwa kando. Mvua ikiwa imenyesha, dereva hana tena la kufanya. Chanzo chenyewe mara nyingi ni kitu kidogo: pini ya kalipa imeshika kutu, mpira wa pistoni umechoka, au oili imevujia viatu vya breki vya nyuma. Fundi akifungua gurudumu huona pini iliyokwama, lakini tofauti ya asilimia 38 haionekani kwa jicho lolote, na fundi anayelijaribu gari kwa kuliendesha nusu kilomita kwenye uchochoro wenye matuta hawezi kuihisi.

Namba hizi huwa na maana zaidi mtu anapozipeleka barabarani. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, inaruhusu kilomita 100 kwa saa. Gari lenye breki za asilimia 50 likiwa katika mwendo huo huhitaji kama mita 79 kusimama baada ya breki kushika. Ongeza sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo ni mita 42 nyingine. Jumla ni mita 121, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Gari lenye breki za asilimia 80 na matairi mazuri husimama kwa mita 91. Mahali ambapo gari hilo la pili limeshasimama kabisa, la kwanza bado linapita kwa karibu kilomita 60 kwa saa.

Kuna jambo moja la breki ambalo hata rola hazilioni vizuri, nalo linauhusu sana mji wa vilima kama Kampala. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishachoka. Dereva anayeshuka Tank Hill, Muyenga, akiwa ameacha gia kwenye D na mguu juu ya breki mteremko mzima, anazipasha pedi moto kwa dakika nzima. Joto hilo likifika kwenye mafuta yaliyozeeka, yanachemka na kutoa mapovu. Mapovu hubonyea, mafuta hayabonyei. Kanyagio linazama hadi sakafuni na gari halisimami. Baada ya nusu saa breki zimepoa, zimerudi kama kawaida, na fundi anaapa kuwa hazina kasoro.

Kinga yake ni nafuu kwa namna ya kuhuzunisha: kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2, na kushuka kilima kwa gia ndogo, 2 au L, ili injini ifanye sehemu ya kazi ya kuzuia. Hata hivyo gereji nyingi huongeza mafuta mapya juu ya yale meusi, na mwenye gari analipa akiamini amehudumiwa.

Bamba la chuma la mwanzo wa mstari halihitaji maelezo marefu. Gari linapopita juu yake, bamba husogea kushoto au kulia kulingana na jinsi magurudumu yanavyovutana, na kompyuta hueleza gari lingeteleza kando mita ngapi kwa kila kilomita. Kampala kipimo hiki kina kazi nyingi. Aprili 2023 wakazi wa jiji walijaza mitandao ya kijamii kwa picha za mashimo ya barabara zao hadi Rais Museveni akaagiza fedha zitolewe za kuyaziba. Shimo lililofukiwa limesahaulika, lakini bushi iliyopasuka siku gari lilipotumbukia humo bado imo ndani ya gari, na tairi linaendelea kulika upande mmoja.

Taa nazo zina habari yake. Waganda huendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo taa za gari kutoka Japani tayari zimeelekezwa upande unaofaa: zikiwa chini, mwanga huinuka kidogo kuelekea ukingo wa kushoto na kumwacha salama anayekuja. Uharibifu huanza hapa hapa, mtu anapochomoa balbu ya asili na kuchomeka ya LED yenye mwanga mweupe ndani ya kioo kisichobuniwa kwa ajili yake. Mwanga unatawanyika. Mwenye gari anaona vizuri zaidi, na anayekuja mbele yake haoni kitu. Kipimo cha taa kingemkamata kwa sekunde chache.

Matairi hukaguliwa kwa macho na kwa kipimo cha kina cha meno, na hapa mwenye gari anaweza kufanya kazi yote mwenyewe. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna mfuatano unaoishia kwa tarakimu 4: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lililotimiza miaka 10 ni mpira uliokauka. Jingine la kutazamwa na kila anayenunua gari lililotoka bandarini ni neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji ya Japani. Mpira wake ni laini makusudi ili usigande kwenye baridi. Juu ya lami ya Kampala yenye joto unalika haraka na kurefusha umbali wa kusimama. Muuzaji huyasifu kwa sababu yanaonekana mapya.

Yote haya yalikuwa yameanza kupimwa kwenye vituo vya SGS. Mwaka 2017 Bunge la Uganda likaazimia zoezi lisimamishwe. Wabunge walihoji jinsi mkataba ulivyopatikana, wananchi walilalamikia ada, na madereva waliuliza vituo 7 vitahudumiaje nchi nzima. Hayo yalikuwa maswali halali. Kosa lilikuwa kuuzika upimaji pamoja na mkataba, kana kwamba ubaya wa mmoja ulikuwa ubaya wa mwingine. Mwaka uliofuata serikali ilishughulikia tatizo kutoka mlango mwingine: sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa, na kuanzia Oktoba 2018 gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini. Lakini umri si hali. Corolla ya zamani, ile ambayo mjini huitwa Kikumi, ikiwa imetunzwa inaweza kusimama vizuri kuliko Harrier mpya zaidi iliyofungwa pedi bandia.

Wapo wanaosema gari si tatizo, dereva ndiye tatizo. Wana hoja. Polisi ya Uganda iliandikisha vifo 5,144 vya ajali za barabarani mwaka 2024, na taarifa zake kila mwaka huweka mbele mwendo kasi na kupita magari mengine kizembe. Ubovu wa magari una sehemu ndogo. Ila ripoti ya ajali huandika kosa lililoonekana. Gari lililohitaji mita 121 badala ya 91 huandikwa kuwa dereva wake alikwenda kasi, na hilo ni kweli. Mita 30 zilizoongezwa na breki mbovu haziingii kwenye fomu, kwa sababu hakuna aliyezipima kabla wala baada ya ajali.

Jirani wa karibu ameonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Rwanda ilifungua kituo chake Remera, Kigali, mwaka 2007, kikiendeshwa na polisi ya taifa. Gari la binafsi hukaguliwa mara moja kwa mwaka, la abiria na la mizigo kila miezi 6, na baadaye huduma ikapelekwa Musanze, Huye na Rwamagana. Kilichofanya kazi huko ni mpangilio: ratiba ni moja na matokeo huandikwa, na gari lililoshindwa hupelekwa kwa fundi likiwa na karatasi inayomwambia mahali pa kuanzia. Fundi mwenye karatasi isemayo mbele kulia 1.3, mbele kushoto 2.1, hafungui magurudumu manne kwa kubahatisha, na mteja hanunui pedi nne asizozihitaji.

Kampala ingeweza kuanza na hatua ndogo kuliko ile ya 2017. Upimaji wa breki peke yake, bila mstari mzima, ungeweza kuwa sharti la magari ya abiria kwanza, teksi za Hiace na magari ya kukodi yaitwayo special hire, ambayo hutembea kutwa nzima yakiwa yamejaa. Magari ya binafsi yangefuata pale tu yanapobadilisha mmiliki, wakati mnunuzi ana sababu ya kutaka ukweli na bei bado haijakubaliwa. Kwa njia hiyo ada ingegawanyika kati ya watu wawili wanaopatana, na foleni ya Kawanda au Nabbingo isingezidi uwezo wa rola zake.