Kuchagua Darasa la Lugha ya Kigeni

Kijana aingiapo chuo kikuu akitaka kusoma lugha ya kigeni hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni lugha ipi aichague. La pili ni darasa lipi aingie. Swali la kwanza hujadiliwa sana na wazazi na walimu. La pili huachiwa mtihani mfupi wa siku moja, nalo ndilo lililowapoteza wengi.

Nitatoa mifano ya vijana wawili niliopata kuwafundisha, ambao walinisimulia habari zao wenyewe. Wa kwanza alisoma Kifaransa miaka minne katika shule ya sekondari, akakifaulu. Alipofika chuo kikuu alijiandikisha katika darasa la wanaoanza, akajifanya hajui hata salamu. Shabaha yake ilikuwa alama, na alama alizipata; lakini mwaka mzima alirudia kuhesabu na kutaja siku za juma. Mwaka wa pili, darasa lilipoanza kusoma hadithi, bidii ilikuwa imemtoka, na wenzake walioanza bila neno hata moja wakampita. Hakumwibia mtu, alijiibia mwenyewe.

Wa pili alisoma madrasa tangu utotoni, akawa msomaji hodari wa herufi za Kiarabu. Mwalimu aliyempima alimpa ukurasa ausome kwa sauti, akapendezwa, akampeleka darasa la juu. Huko wenzake walikuwa wakijadili habari za magazetini. Kijana aliweza kutamka maneno mengi, lakini aliyoyafahamu yalikuwa machache. Akaona haya kusema kwamba haelewi, akanyamaza muhula mzima, kisha akaiacha lugha aliyoipenda.

Lawama yangu yaenda pande mbili. Kijana wa kwanza aligeuza darasa kuwa duka la alama. Mwalimu wa yule wa pili alipima ulimi, akasahau kupima sikio na fahamu. Lugha ina kazi nne, yaani kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika; na mtu aweza kuwa mzee katika moja na mtoto mchanga katika nyingine. Baraza la Ulaya lilizingatia jambo hilo lilipotoa, mwaka 2001, kipimo chake cha ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Kipimo hicho hueleza mambo ambayo mtu aweza kuyafanya kwa lugha, na humkubali mtu aliye juu katika kusoma na chini katika kusema. Chuo kinachowapanga vijana kwa karatasi moja ya sarufi, au kwa uzuri wa sauti, kimeacha njia iliyokwisha kufyekwa.

Huenda mtu akajibu kwamba wanafunzi ni wengi na walimu ni wachache. Ni kweli. Lakini mazungumzo ya dakika kumi na barua fupi ya kuandikwa papo hapo ni gharama ndogo kuliko muhula uliopotea. Tena, katika majuma mawili ya kwanza, mlango wa kubadili darasa uachwe wazi, na apitaye asichekwe.

Nawe msomaji, siku yako itakapofika, usiulize ni darasa lipi lenye sifa wala lipi lenye alama rahisi. Jiulize: nikisemeshwa, nafahamu? Nikiulizwa, naweza kujibu? Nikisoma, napata maana au sauti tupu? Darasa likufaalo ni lile unaloelewa sehemu kubwa ya mafunzo yake, lakini si yote. Ukielewa yote, umekaa chini mno. Usipoelewa kitu, umepanda juu mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakumpunguzii mtu kimo chake.